Kadi chukueni, skorkadi za mzee niachieni

Swali lenu la wiki hii, kumbukumbu gani ya timu yako hutoisahau na kitu gani umekitunza mpaka leo, najua wengi mtajibu Simba na Yanga, Gor na AFC, sawa, ila mi nimelelewa Chicago na timu yangu ni Cubs, ndio, besiboli, msinicheke. Babangu alituhamisha kutoka Mombasa mwanzo wa miaka ya themanini, na kilichotunasa ni kwamba uwanja wa Cubs, Wrigley Field, haukuwa na taa hadi Agosti 1988, kwa hivo mechi zote za nyumbani zilichezwa mchana na nyingi zikaonyeshwa WGN, stesheni ya TV ya Chicago, ukitoka skuli unazikuta iningi (yaani zamu, kila timu inapiga mara moja) za mwisho mwisho bado zinaendelea. Mzee alikuwa anafanya kazi usiku kwa hivo alasiri yuko macho, yuko kwenye kochi na chai yake. Basi tukanasa wote wawili.

Mechi yenyewe ni ya tarehe 23 Juni 1984, Jumamosi, Cubs na St. Louis Cardinals. Tuko nyuma 9-8 iningi ya 9, ambayo kwa kawaida ndo ya mwisho, na wenzetu wamemleta Bruce Sutter, mrushaji wa kufunga mechi, mwaka ule hagusiki kabisa. Akaja Ryne Sandberg akaupiga ukatoka nje ya uwanja, 9-9. Iningi ya 10 Cardinals wakaongeza mbili, Sandberg akarudi, Sutter yuleyule, tumebakiza nafasi moja tu ya mwisho, mwenzake kasimama kituo cha kwanza, akaupiga TENA ukatoka nje, wote wawili wakapata pointi, 11-11! Tukashinda 12-11 iningi ya 11. Chai ya mzee iliishia kwenye zulia la mwenye nyumba, mama hakufurahi.

Oktoba ya mwaka huohuo tukakutana na San Diego, tukaongoza mechi 2-0, imebaki moja tu tuende fainali, tukapoteza tatu mfululizo. Wenyeji wakasema ni laana ya mbuzi, maana mwaka 1945 mwenye baa mmoja Billy Sianis alifukuzwa uwanjani pamoja na mbuzi wake, akaapiza kwamba Cubs hawatashinda tena. Mzee akasema kwetu mbuzi halaani mtu, kwetu mbuzi anachomwa.

Sasa vitu. Nilichotunza kuliko vyote ni skorkadi, ile karatasi unayouziwa uwanjani na penseli unajaza mwenyewe kila kitu kinachotokea. Kila anayecheza ulinzi ana namba ya nafasi yake, Sandberg mgongoni alivaa 23 lakini kwenye skorkadi ni 4, kwa hivo ukiandika 6-4-3 mwenye kujua anaona mpira umetoka kwa nani ukaenda kwa nani na watu wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Mpigaji akikosa mara tatu akatolewa anaandikiwa K, akisimama tu kama nguzo mpira unampita unaigeuza K ielekee nyuma. Mzee alijifunza haya yote haraka kuliko Kiingereza, halafu pembeni akawa anaongeza maoni yake kwa Kiswahili, "huyu mvivu", "kocha amelala", "mvua inakuja twende zetu". Hakuna mnada utakaonipa bei ya hizo. Sandberg alipofariki Julai 2025 nilizitoa nikazisoma moja moja usiku kucha.

Kingine ni kipande cha chaki. Mwaka 2016 Cubs walipoingia fainali watu walianza kuandika majina ya marehemu wao kwenye kuta za matofali za Wrigley, wazazi, mababu, wale wote waliongoja wakaondoka bila kuona kombe, maana la mwisho lilikuwa 1908. Nami nikaandika la mzee kwa chaki hiyo. Mechi ya 7 ikachezwa Cleveland usiku wa tarehe 2 Novemba, tuliongoza 6-3 wakasawazisha iningi ya 8, ikaja mvua wakasimama dakika 17 (mi nilikuwa nazunguka meza), kisha Ben Zobrist wetu akapiga na mwisho tukashinda 8-7. Mpira wa mwisho Anthony Rizzo aliudaka akautia mfuko wa nyuma papo hapo kabla hata hajashangilia vizuri, alijua anachofanya huyo.

Mipira yenye sahihi sinunui, mwisho wa miaka ya tisini FBI walikamata genge zima la waghushi, tangu hapo kama sikuona mkono ukiandika sitaki. Na tiketi za simu hizi ni kutunyima haki jamani, utatunza nini, skrinishoti?

Kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, ndo usiniulize. Ile ya Honus Wagner, mchezaji wa zamani, ya kama 1909, moja iliuzwa zaidi ya dola milioni 7 mwaka 2022 kwa sababu zilichapishwa chache, basi sisi watoto wa miaka ya themanini tukaambiwa tununue tuweke zitatusomesha chuo, kumbe kampuni za kadi, Topps na Fleer na Donruss, walikuwa wanachapa kama magazeti na kila nyumba imejaza. Zangu ziko maboksi na maboksi chini ya ngazi, mke wangu kashachoka nazo. Mwenye kuzitaka aje, bure kabisa, ila aje na gari na asirudishe hata moja.