Jibu: Vyombo vya jikoni vya mdogo wako anayeolewa

Salamu dada. Nimekuelewa: mdogo wako anaolewa Desemba, na fedha uliyonayo inatosha ama seti ya sufuria nyepesi, ama vyombo vichache vizito. Chukua vizito. Sufuria mbili nene zitampikia wali wa nazi vizuri. Nyepesi hubonyea na huunguza upesi.

Ninachokusisitizia zaidi ni mbuzi ya kukunia nazi. Ikalie palepale dukani, kisha utikise ule ulimi wa chuma kwa mkono. Ukicheza hata kidogo, iache, hata ukipunguziwa bei. Chungu kigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia ni kizima, kikitoa sauti butu huenda kina ufa. Kinu kiangalie ndani, hasa kwenye kitako.

Kwa kuwa vitakaa kashani miezi kadhaa, vya chuma vipake mafuta kidogo visishike kutu. Miko na pawa zikauke kabisa kwanza, na usizifunge kwenye nailoni, zitaota ukungu.

Hukusema atapikia mkaa au gesi. Kama ni gesi, chungu cha kitako cha duara hakitatulia jikoni, kwa hiyo muulize kabla hujakilipia.