Madrasa na mashini ya mguu

Swali la juma hili: je, madrasa za Bukavu, mashariki mwa Kongo, ziongeze mafunzo ya ufundi?

Ziongeze, mradi yasikalie nafasi ya hifdhi, yaani kuhifadhi Kurani. Alfajiri ni ya kupokea aya mpya, magharibi ni ya muraja'a, kurudia yaliyohifadhiwa. Ufundi uingie kati ya adhuhuri na alasiri, siku tatu kwa juma. Mwanafunzi akikatiwa muraja'a, juzuu alizokwisha kuhifadhi zinaponyoka, na hapo wazazi wakimwondoa hawana kosa.

Kwa maoni yangu, ushonaji utangulie. Kuchomelea vyuma kunataka umeme, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika hata hapa kwetu, ingawa Ruzizi, mto wenye mabwawa ya umeme, unapita mlangoni. Mashini moja ya mguu itumiwe na wanafunzi watatu: mmoja anashona, mmoja anakata, wa tatu anapiga pindo na vifungo kwa mkono. Wakizidi hapo, waliobaki watakuwa watazamaji.

Juma la kwanza wasiguse kitambaa. Washone bila uzi juu ya karatasi ya mfuko wa saruji iliyochorwa mistari, kwa sindano kuukuu, maana karatasi huitia ubutu. Wanachojifunza hapo ni kukanyaga: gurudumu likirudi nyuma, uzi husokotana na kukatika. Baadaye uzi ukianza kujikunja chini ya kitambaa, wanaoanza hulaumu bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi ulipitishwa wakati kikandamizio, kile kinachobana kitambaa, kimeshushwa, haukuingia katikati ya visahani vinavyoukaza. Mafuta yawe ya mashini, tone moja kila tundu mwisho wa juma, kisha ishonwe matambara mpaka doa liishe. Mafuta ya kupikia huganda na kuikwamisha. Ajabu ni kwamba bado watu wanayatia.

Baada ya hapo sare za shule, bluu na nyeupe. Kola ya shati ndiyo mtihani wenyewe. Kanzu isubiri, kwani ya mtu mzima hula mita 3 au zaidi, na shingo ikikatwa pana haina dawa. Na wanaodhani futi na mkasi viko mbali na dini wasome Sura Sabaa, aya ya 11: Nabii Daudi anaamriwa apime vizuri pete za deraya, vazi la chuma la vitani.

Sare huagizwa kwa wingi mwezi wa Agosti, na hapo ndipo mtu hushawishika kuwakesha watoto mashinini. Alasiri ikiadhiniwa, mashini zifunikwe. Ziwekwe wakfu, ili matengenezo yatangulie mgao wowote wa mapato: sindano, mafuta, mkanda wa ngozi. Mkanda ukilegea usinunuliwe mwingine. Ukatwe kidogo, uunganishwe tena.

Waliokwisha kuimudu kola watafutiwe nafasi INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi tangu 1964. Muhuri wa madrasa peke yake haumsaidii sana kijana anayeomba kazi mahali ambapo imamu wake hajulikani.