Kabla ya Kupanga Bei ya Kikapu, Hesabu Saa Zako

Mara kwa mara napigiwa simu na mama fulani, mara yuko Siaya, mara Busia, mara Vihiga, na swali ni lile lile: "Dada, tuna kikundi, kusuka tunajua, lakini wanunuzi tutawapata wapi?" Zamani nilikuwa nampa nambari za watu wa maduka Nairobi. Siku hizi namuuliza kwanza, "Kikapu kimoja kinakuchukua saa ngapi?" Wengi hunyamaza. Mimi pia nilinyamaza nilipoulizwa, na wakati huo nilikuwa nimeshasuka miaka sita.

Nasuka gugu maji, ule mmea unaoelea ziwani, hapa Kisumu, upande wa Dunga. Niliolewa huku kutoka Vihiga, na aliyenifundisha kazi hii ni mama mkwe. Yeye alianza na mikeka ya mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, muda mrefu kabla gugu halijaja. Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini, na liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 ilipokuwa ikielekea ukingoni lilikuwa limeifunika ghuba yetu vibaya sana. Mama mkwe husimulia mashua zilizokaa ufuoni huku wavuvi wakitazama kijani kitupu mahali walipozoea kuona maji. Samaki wasipofika ufuoni, anayelala njaa wa kwanza ni mama anayewanunua pale na kwenda kuwauza. Akina mama hao ndio waliolishika gugu lenyewe mikononi wakaanza kujaribu: mkeka, kikapu, kiti.

Kwa hiyo msije mkadhani hii ni kazi ya kupitisha muda. Ina ujuzi wake, na ujuzi huo ndio unaouzwa.

Nianze na bua. Gugu linaloelea peke yake kwenye maji mapana lina bua fupi, limevimba kama kichupa, na halifai kusukwa. Mnalolitaka ni lile lililosongamana, lililobanwa na wenzake hadi likarefuka kutafuta mwanga. Bua lake linaweza kukufika kiunoni. Likatwe karibu na mzizi, jani litolewe, na matope yaoshwe siku ile ile. Wala msiingie majini pekupeku. Konokono wa kichocho hupenda kukaa kwenye mizizi ya gugu, na viboko wapo. Sisi tunamlipa mwenye mashua atuletee mzigo, nasi tunaupokea tukiwa na gambuti na glavu. Hiyo ni gharama, iandikwe kama gharama nyingine zote.

Kukausha ndiko kulikotutoa machozi. Katika kila kilo 10 za gugu bichi, zaidi ya 9 ni maji. Oda yetu kubwa ya kwanza ilikuwa vikapu 120 vya duka moja la Nairobi, na ilitujia mwezi wa Aprili, masika yamechacha. Tulikuwa na haraka. Tulianika mabua chini, juu ya magunia, tukiyakimbiza ndani kila wingu likitanda, na yalipogeuka rangi ya kahawia tukasema yamekauka. Tukasuka usiku na mchana, tukavifunga vikapu kwenye polithini ili visinyeshewe njiani. Siku ya tano simu ikalia: vimeota ukungu. Viliporudi nilikifungua kimoja mbele ya wenzangu, na ndani kilikuwa na manyoya ya kijivu kama mgongo wa panya. Katika vikapu 120 tuliokoa 20 tu. Wanawake walikuwa wameacha mashamba yao kwa ajili ya oda ile, na mimi ndiye niliyewaahidi.

Tangu siku hiyo bua halisukwi mpaka lipite shavuni. Lishike upande ule mnene, uliokuwa karibu na mzizi, uuguse kwenye shavu lako. Ukisikia baridi, bado lina maji, hata kama ncha ya upande wa pili inavunjika kama kijiti. Tunaanika juu ya uchanja ili upepo upite chini, na wakati wa mvua tunatoa wiki mbili nzima bila kubishana. Mabua mengi tunayakusanya Januari na Februari, jua likiwa kali, tunayaning'iniza darini. Kikapu kikiisha kusukwa kinarudi juani siku mbili nyingine, kwa sababu tunalowesha mabua kidogo ili yakubali kupinda. Kusafirisha ni kwa sanduku la karatasi au gunia la katani. Polithini hapana.

Sasa turudi kwenye swali la saa.

Aliyeniuliza ni binti wa dada yangu, aliyekuja likizo kutoka chuo. Akakaa na simu yake kando ya mama mmoja wa kikundi tunayemwita Dani, maana ni bibi wa wengi wetu, na ndiye fundi wetu wa misuko. Alimpima kuanzia bua la kwanza. Kuchambua na kupasua mabua, saa 1. Kusokota misuko, saa 5. Kusuka kikapu chenyewe, saa 4. Kupunguza ncha na kutia mishikio, saa 1. Jumla saa 11. Kikapu hicho tulikuwa tukikiuza shilingi 450, na mfukoni tulikuwa tumetoa 250: mabua 50, rangi na uzi 40, mishikio ya ngozi 120, nauli na ushuru wa soko 40. Zilizobaki ni 200. Ukizigawa kwa saa 11, Dani alikuwa akilipwa shilingi 18 kwa saa. Wakati huo huo, jirani yake aliyekwenda Ahero kupalilia mpunga alirudi na shilingi 300 za kibarua cha asubuhi kilichochukua muda wa saa 5, sawa na 60 kwa saa.

Dani alisikiliza hesabu hiyo mara mbili. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mikono hii ikishika jembe ni ya bei kuliko ikisuka?" Hakuna aliyemjibu.

Hesabu tuliyofanya baadaye ni rahisi na ninaishauri kwa kila kikundi. Chukua malipo ya kibarua ya kijijini kwenu, yagawe kwa saa. Zidisha kwa saa za kikapu. Ongeza gharama, kisha ongeza kidogo cha kikundi. Kwetu ilikuwa 60 mara 11, yaani 660, na 250 za gharama, na 40 za sanduku la kikundi: 950. Msishuke chini ya hapo. Mteja akisema ni ghali, ama mtafute njia ya kupunguza saa, ama muache kutengeneza kitu hicho. Lakini msizikate saa za mama zikawa bure, kwa sababu ndizo peke yake zisizolalamika sokoni.

Tulifanya yote mawili. Tuligawana kazi: wenye vidole vyepesi wanasokota, wenye nguvu wanabana kwenye kalibu, yaani umbo ambalo kikapu husukwa juu yake, mmoja anakagua. Seremala akatutengenezea kalibu za mbao za ukubwa wa aina tatu, tukaacha kukisia kwa macho, na saa zikashuka kutoka 11 hadi 8. Pia tuliacha kabisa kuuza vikapu vikubwa katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, sote tulishangilia, tukidhani kila mama angerudi kwenye kikapu. Soko likajaa mifuko ya kitambaa chepesi ya bei ya chini, na sisi tukawa tunashindana nayo kwa kujipunja. Kibuye sasa tunapeleka vitu vidogo tu, kama vile vya kuwekea sufuria ya moto mezani. Vikapu vya nguo chafu, vifuniko vya taa na trei tunapeleka kwenye hoteli za mjini, ambako anayenunua anatazama ulingano wa misuko kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu daftari, hapa nina maneno. Dani hakusoma. Kila kikapu chake kikipita ukaguzi alikuwa anapiga fundo kwenye kamba ya mkonge aliyoifunga kiunoni. Mwisho wa mwezi mmoja daftari la kikundi lilisema ana vikapu 27. Akaifungua kamba, akaihesabu mbele yetu, fundo moja moja, kwa sauti: 31. Katibu hakuwa mwizi. Alikuwa akiandika jioni, baada ya kupika na kulaza watoto, kwa kukumbuka. Lakini kama si kamba ile, vikapu vinne vya mwanamke mwenye miaka sabini na ushee vingepotea, na angeambiwa daftari halidanganyi. Tangu hapo kila mwanachama ana kamba yake, na kikapu kinaandikwa na kufungiwa fundo papo hapo, mwenyewe akiwa amesimama. Hesabu ya kikundi lazima iwe ile ambayo kila mwanachama anaweza kuisoma mwenyewe.

Na pesa zimfikie mwenyewe. Mwanzoni malipo yangu yalikuwa yakipitia simu ya mume wangu kwa sababu sikuwa na laini yangu. Hakuninyima, lakini nilikuwa naomba jasho langu mwenyewe, tena kwa kuchagua wakati mzuri wa kuomba. Chukua kitambulisho chako, sajili laini kwa jina lako, kisha mweleze mumeo mapema na kwa heshima kwamba malipo yatakuja huko. Mazungumzo hayo ni magumu siku moja tu. Wajane na wasichana waliorudi nyumbani wanahitaji jambo hili kuliko wote, maana mara nyingi shemeji ndiye huwa amejipa kazi ya kuwapokelea.

Kusajili kikundi si kazi kubwa. Sheria ya mwaka wa 2022 inataka muwe watu 10 au zaidi. Akaunti iwe na watia saini watatu, wasiwe wa nyumba moja. Mkopo, hata ule wa Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa na serikali mwaka wa 2007, nashauri uchukuliwe mkiwa na oda mkononi iliyolipiwa arubuni. Nimeona vikundi vilivyokopa kwanza vikatafuta soko baadaye, na akina mama wakauza kuku kulipa.

Arubuni yenyewe ni nusu ya bei, kabla bua la kwanza halijapasuliwa. Kuna mnunuzi aliyebeba vikapu vyetu 60 akasema atatuma pesa Ijumaa. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, alikula kwetu, alimwita Dani mama. Ijumaa hiyo hatujaiona hadi leo.

Haya yote si ya gugu peke yake. Ukipita Ilesi kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega utaona vyungu vimepangwa kando ya lami. Mfinyanzi naye ana saa zake: kuchimba udongo, kuukanda, kusubiri chungu kikauke kivulini, kutafuta kuni. Na chungu kikipasuka motoni, saa hizo zote zimekwenda, kwa hiyo bei ya kile kilichosalimika lazima ikibebe na kile kilichovunjika. Tabaka kule Kisii, kwenye mawe laini, wachongaji wengi ni wanaume, na wanawake ndio wanaosugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Mteja humsifu aliyechonga. Ninawasihi mnaosugua mhesabu saa zenu kando, zisimezwe ndani ya bei ya mchongaji.

Mama mmoja wa Busia niliyemuuliza swali langu mwezi jana alinipigia tena Alhamisi. Amepima. Mkeka wake wa mafunjo unamchukua saa 14, na amekuwa akiuuza shilingi 500. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni kazi ipi katika saa hizo inayoweza kupunguzwa kwanza. Nimemwambia aje Jumanne na mafunjo yake. Dani atakuwepo, na tutaanza na kuchambua.