Nyumba yangu, joto la mwenye jengo

Mtoto wa kaka yangu, yuko Dodoma, kaniuliza swali ambalo najua si lake peke yake: "Shangazi, wewe una fleti yako London, hulipi kodi kwa mtu. Mbona kila ikifika Januari unasema huna kitu? Kama ni hiyo bili ya joto si ubadilishe kampuni, tunasikia huko watu wanabadilisha tu kwenye simu." Mama yake naye akadakia kwamba Ulaya imeshanifundisha ubahili. Nilicheka, lakini nimeona nijibu kwa urefu, maana wengine mnaliuliza kimoyomoyo na hamsemi.

Tuanze na hilo la "fleti yako". England na Wales, ukinunua fleti kwa kawaida hununui ardhi wala jengo. Unanunua haki ya kukaa ndani ya kuta zako kwa miaka kadhaa: 99, 125, wengine hata 999. Nyinyi hati ya miaka 99 mnaijua, ila yenu inatoka serikalini. Huku juu yangu yuko mwenye jengo, kampuni ambayo sijawahi kumwona mtu wake hata mmoja, na chini yake kuna wakala wa kusimamia jengo. Huyo wakala ndiye anayeniletea gharama za lifti, usafi, bima na taa za ngazi. Benki nayo inadai mkopo wa nyumba. Kwa hiyo kodi silipi, kweli kabisa, lakini mshahara ukiingia kuna watu watatu wanausubiri kabla sijanunua hata unga.

Na joto. Jengo letu halina boila kwenye kila fleti. Kule chini, karibu na maegesho ya magari, kuna chumba cha mitambo chenye maboila makubwa ya gesi. Yanachemsha maji, na maji yanapanda kwa mabomba hadi ghorofa ya mwisho. Kwangu, kwenye kabati pembeni ya mlango wa kuingilia, kuna boksi jeupe la ukubwa wa begi la safari. Humo maji ya jengo yanayapa joto maji yangu bila kuchanganyika nayo, na ya kwangu ndiyo yanazunguka kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha chumba joto, na kutoka bafuni. Chini ya boksi kuna mita yenye kioo kidogo. Ukibonyeza kitufe unaona uniti ulizotumia, ukibonyeza tena unaona maji yanaingia na nyuzi ngapi na yanatoka na nyuzi ngapi. Shemeji yenu ana daftari lake, kila Jumapili anafungua kabati na kuandika, kama karani wa ghala.

Kabati lile lina joto mwaka mzima, viatu vilivyoloa mvua vinakauka humo usiku mmoja. Korido za jengo hali ni hiyo hiyo, kwa sababu mabomba yanapita juu ya dari na maji ya moto hayalali, hata Julai wakati kila mtu kafungua madirisha. Na msidhani joto hilo la koridoni ni la bure. Gesi yake imeshachomwa, kwa hiyo inarudi kwetu ndani ya bei ya uniti.

Bili yenyewe ina mistari miwili. Wa kwanza ni uniti. Wa pili ni ada ya kila siku, uwashe usiwashe. Mnaikumbuka ile service charge ya TANESCO, shirika letu la umeme, iliyofutwa 2016? Ndiyo hiyo, ila ya kwetu inauma. Mwaka niliokuja kwenye msiba wa bibi, nyumba tuliifunga, boksi tukalizima. Kurudi nakuta bahasha mlangoni: uniti karibu na sifuri, ada imekamilika kama vile tulikuwepo. Wanasema inalipia pampu, mafundi, usomaji wa mita na akiba ya kununua maboila mapya siku moja. Kwamba pampu inahitaji fundi sibishi. Ninachotaka ni kuona risiti.

Kubadilisha kampuni? Umeme wangu nimeshaubadilisha, ni jambo la dakika chache, hapo mmesikia sawa. Mwenye nyumba yenye boila lake anabadilisha na gesi pia. Lakini joto la jengo lina bomba moja na mwuzaji mmoja, na mara nyingi huyo alishafunga mkataba na mjenzi, wa miaka 25 au zaidi, kabla hajahamia mtu hata mmoja. Bomba la gesi halifiki kwenye fleti yangu. Nikisema ninunue hita za umeme, uniti ya umeme huku ni karibu mara nne ya bei ya gesi, na ile ada ya boksi inaendelea kama kawaida. Nikitaka kufunga nje mashine ya kuvuta joto la hewani, ukuta wa nje si wangu. Hata hilo boksi lenyewe siruhusiwi kuling'oa.

Najua kuna mtu atasema: hata TANESCO hatuwezi kuihama. Sawa. Lakini TANESCO haiamki asubuhi ikapandisha bei, lazima ipite EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, watu waitwe kwenye mkutano waseme (wasikilizwe wasisikilizwe, hiyo mada nyingine), na bei itangazwe nchi nzima ijue. Huku gesi na umeme wa majumbani vina msimamizi, Ofgem, na tangu Januari 2019 vina kikomo cha bei. Sisi wa joto la jengo, kaya kama nusu milioni, tuliachwa nje ya kikomo hicho. Sababu yao ni kwamba gesi inayoingia kwenye chumba cha mitambo inanunuliwa kibiashara, na mteja wa kampuni ya gesi ni jengo. Sisi tulioko ndani ya jengo hatumo kwenye mkataba huo. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza, na mwaka 2018 ikasema wazi kwamba biashara hii lazima isimamiwe. Sheria ikapitishwa Oktoba 2023. Ofgem imeanza kazi hiyo rasmi tarehe 27 Januari 2026. Yaani wenye nchi inayowafundisha wengine utawala bora walihitaji miaka yote hiyo kumwekea mwuza maji ya moto mtu wa kumwuliza maswali. Na hata sasa Ofgem inaweza kumhoji anayetoza bei isiyo ya haki, lakini kikomo kama cha gesi na umeme hakipo.

Katikati ya kusubiri huko ndipo ulipoingia mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari, bei ya gesi Ulaya ikapaa. Serikali iliwashika mkono wenye boila zao, na kuanzia Oktoba uniti ya gesi ikawekwa kwenye wastani wa peni 10 hivi. Majengo kama letu yaliwekwa kwenye mpango wa wafanyabiashara. Baadaye, kuanzia Aprili 2023 hadi Machi 2024, ukaja msaada wa mifumo hii ya joto, ila mwombaji alikuwa mwendesha mfumo, siyo mimi, na mimi nikawa wa kusubiri anipitishie. Kibaya zaidi, jengo letu lilifunga mkataba mpya wa gesi bei ikiwa kileleni. Soko likaja kushuka, sisi tukabaki kule kule juu hadi mkataba ulipokwisha. Uniti yetu ilizidi mara tatu ya ile tuliyoizoea. Mwaka huo ndio nilioomba radhi kwenye mchango wa harusi, na kuna mtu, sitamtaja, alininunia mpaka Pasaka.

Tuliishije? Tulifunga vyumba, tukahamia sebuleni. Watoto wanafanya kazi za shule na makoti, mimi nimejitanda blanketi juu ya kanga. Ukikausha nguo ndani bila kuwasha joto, maji yanatiririka kwenye vioo, na baada ya wiki chache kona ya chumba inaota ukungu mweusi. Unausugua kwa dawa, unarudi. Mdogo wenu alikohoa hadi mwezi wa nne.

Bibi wa ghorofa ya nne, Mwingereza wa kuzaliwa hapa hapa London, alikuwa akitoa kiti chake koridoni kila baada ya chai ya jioni, anafuma soksi chini ya mabomba. Ndani kwake amezima. Tukipita anatusalimia na kutukaribisha, "Njooni, huku kuna joto." Alikuwa anaota joto ambalo ameshalilipia, mahali pasipo na mita. Wakala akamwandikia barua kwamba kiti kinaziba njia ya dharura ya moto.

Barua hiyo ndiyo iliyotutoa usingizini. Tulikutana ukumbi wa chini, Wapolandi, Wabengali, Wanigeria, Waingereza, nami Mtanga wenu. Sheria inampa mwenye fleti haki ya kudai muhtasari wa ada za jengo na kukagua risiti, basi tukadai. Mhasibu mmoja wa ghorofa ya tisa akajumlisha uniti za mita zetu zote, akaziweka kando ya gesi iliyoingia jengoni. Karibu nusu ilikuwa haijafika kwenye mita ya mtu yeyote. Imeishia kwenye mabomba ambayo mjenzi aliyafunika nusunusu akaenda zake. Kwa ubishi mwingi mabomba ya ghorofa za chini yamefungwa vizuri sasa, na bei imeshuka kidogo. Ghorofa za juu bado, wanasema bajeti. Kuna baraza linaloamua kama ada za jengo ni za haki, lakini joto likiwa linauzwa kwa mkataba wa pembeni na kampuni nyingine, baraza hilo linaweza kukuambia si kazi yake. Tangu Aprili 2025 angalau kuna msuluhishi wa nishati anayepokea malalamiko yetu bure. Letu liko kwake.

Kugoma kulipa? Wengine walipendekeza. Deni la ada za jengo huku linaweza kufika mahakamani, na likishupaliwa linatishia hata hiyo haki yako ya kukaa. Kuuza? Wanunuzi nao siku hizi wanauliza habari ya joto, na wakiona bili wanaomba kupunguziwa bei au hawarudi.

Nisiusingizie mtambo. Denmark karibu theluthi mbili za nyumba zinapata joto kwa mabomba ya pamoja, na sheria yao hairuhusu aliuzaye kuvuna faida. Hapa hapa London, Pimlico ilianza mwaka 1950 kwa kutumia joto la mtambo wa umeme wa Battersea, ng'ambo ya Mto Thames, joto ambalo vinginevyo lingetupwa. Serikali inataka ifikapo 2050 karibu sehemu moja ya tano ya joto la nchi itokane na mifumo hii, kwa hiyo fleti mpya nyingi mtakazoonyeshwa zitakuwa nayo.

Basi wewe mwanangu unayesubiri viza, na unayeniuliza kama ni bora kununua au kupanga: panga kwanza. Mpangaji naye analipa bili hii hii, lakini mkataba wake ukiisha anafunga mizigo, mimi nina mkopo wa benki. Ukija kutaka kununua, nenda kuangalia siku ya baridi, simama koridoni usikie joto lake kabla hujaingia ndani. Uliza joto linauzwa na nani na mkataba wake unaisha lini. Wakala wa mauzo atakuambia bili inategemea matumizi yako. Mwambie akupe ya Januari na ya Agosti, na uanze kusoma ya Agosti, ndiyo itakayokuonyesha utalipa kiasi gani bila kuwasha kitu.