Wiki tatu za Aprili: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi hapa Igloolik, kaskazini ya mbali ya Kanada, hatujambo, mgongo wa baba yako umetulia, wasiwasi ni kwenu huko Ottawa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama wiki tatu za kambi barafuni na babu yake mwezi wa Aprili zitamfunza mjukuu wangu kitu cha maana, au atakosa masomo bure, maana video zipo, na programu ya SIKU ipo, ambamo wawindaji wenyewe wanaweka picha za barafu.

Kama kitu cha maana ni arudi anajua kujenga iglu, nyumba ya theluji, hapana, harudi anajua. Wiki tatu ni za kukata matofali ya theluji na kuyavunja. Theluji inayofaa ni ile ya dhoruba moja, iliyopigwa na upepo mpaka ikashikana. Unachoma fimbo nyembamba. Ikizama kwa uzito uleule hadi chini, hapo kata. Ikigota, ikaachia, ikagota tena, ujue zipo tabaka mbili, na tofali litakatika zinapokutana, mara nyingi likiwa tayari liko juu ya kichwa chako. Tazama, nimeeleza kwa mistari michache tu, na mtoto anaweza kuikariri akaisema darasani bila kukosea. Ila ule mgoto wenyewe, jinsi unavyopanda kutoka kwenye fimbo hadi kwenye kiwiko, sina namna ya kuuandika. Mkono ndio unaojifunza, sikio linafuata. Umenisikia nikisema hivyo tangu mdogo na utanisikia tena.

Kwenye barafu ni vilevile. Baba yako hatamweleza neno. Atampa chusa, amwache atangulie. Barafu changa ya bahari ni nyeusi, na hubonyea kabla ya kupasuka, tofauti na ya ziwani inayokatika ghafla kama kioo. Piga chusa pigo moja. Ikipenya, rudi kwa nyayo zako mwenyewe. Kinachoua watu si hiyo nyeusi, kwa sababu hiyo kila mtu anaiogopa. Ni ile iliyofunikwa na theluji mapema. Theluji ni blanketi, inazuia baridi isishuke, basi chini barafu inabaki nyembamba na juu panang'aa peupe kama pa jana. GPS nayo itakupa mstari ulionyooka hadi kambini, na haijali kama mstari huo umekatiza mlango wa bahari wa Fury na Hecla, ambako mkondo unakula barafu kwa chini.

Sisemi simu ni mbaya. GPS imewatoa watu kwenye ukungu ambao tungekuwa tumewazika. Lakini betri hufa kwa baridi, na hapo kinachobaki ni uqalurait, yale matuta magumu ya theluji yenye umbo la ulimi, yanayochongwa na upepo wa Uangnaq, ule wa magharibi kaskazini. Upepo huo Wainuit, watu wa baba yako, wana jina lake kama sisi wa pwani tulivyo na kusi na kaskazi. Unayakata matuta kwa pembe ileile safari nzima, na theluji laini ikiyafunika unaipangusa kwa mguu, uyapapase. Gizani wanayasikia kwa unyayo.

Mwezi haukunipa tabu, mimi mtoto wa Pangani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapanda bamvua, na hapo ukingo wa barafu, sinaaq, unaweza kumeguka na kwenda na watu wake. Maji mafu ndiyo salama zaidi. Hata qamutiik, sleji yao ya kuburuta juu ya theluji, niliielewa siku ya kwanza: mbao za kukatiza zimefungwa kwa kamba, hazikupigiliwa misumari, ili zicheze kwenye barafu yenye mabonde. Ni mtepe, chombo chetu cha kushonwa kwa kamba, ila hauna tanga.

Najua hukuniuliza haya yote. Ulichouliza ni masomo. Na ukiniuliza masomo unanirudisha kwenye mwaka ule wa mtihani wako wa hesabu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, qamutiik imeshafungwa, na mimi ndiye niliyelegeza kamba nikashusha begi lako. Baba yako alinitazama, akaifunga upya ile kamba, wakaondoka. Yeye mwenyewe alinyang'anywa miaka yake na shule ya bweni, walikopelekwa watoto wa Wainuit mbali na kwao. Aliporudi, babu yako alimwonyesha theluji, akamwachia kisu na kwenda zake, na kijana wa watu akavunja matofali mpaka jioni huku wadogo zake wakijenga. Habari hiyo niliijua, na bado nilishusha begi.

Kaka yako alirudi na sili wake wa kwanza. Kwa desturi hakubaki naye, aligawiwa watu, wazee kwanza. Wewe ulikata nyama ile jikoni kwa ulu, kisu cha wanawake, ya shangazi yako, vipande sawasawa, bila kuinua macho kuniangalia.

Lakini mtihani ulifaulu! Mshahara wako ndio unaonunua petroli ya pikipiki ya theluji, na bila petroli baba yako asingefika popote pa kumfundishia mtu. Basi nilikosea wapi? Wakati mwingine naona sikukosea. Halafu naona kisu chako kwenye ile nyama. Hesabu ungeirudia Septemba, barafu ya mwaka ule haikurudiwa. Mkono ndio unaojifunza, na mkono wa mtoto wa miaka kumi na moja, kama wako, hausubiri.

Sikwambii umlete. Wewe ndiye mama yake, na mwalimu wake unamjua wewe, mimi simjui.

Ila shangazi yako ameshaloweka ngozi ya sili kwa ajili ya kamiik, viatu vya ngozi vya mjukuu wangu, na hashoni kwa kubahatisha. Mshono wake sindano inaingia nusu ya unene wa ngozi, haitokezi ng'ambo, na uzi ni kano ya mgongo wa tuktu, yule kulungu wa kaskazini, ambayo ikilowa inavimba na kuziba tundu. Kiatu kikiwa kidogo hakipanuliki bila kuachia mshono, na kikibana, vidole vinaganda. Kwa hiyo mchore unyayo kwenye karatasi akiwa amesimama, si amekaa, na amevaa soksi mbili nzito. Miguu yote miwili. Chora kabla ya mwisho wa Februari, ngozi ikikauka sana atalazimika kuanza upya.

Mama yako