Mtumiaji anaandika 5, modeli inasoma mita 5

Mkuu, hesabu za sanduku lako la barafu la sangara hazina shida, shida ipo kwenye fomu uliyoitengeneza kwa COMSOL, programu ya kuigiza fizikia kwenye kompyuta. Umeuliza kwa nini mvuvi wa Kirumba akiandika unene 5 ukuta unakuwa mita 5. Kisanduku cha kuandikia hupeleka namba tupu, na jiometri huisoma kwa kipimo chake, ambacho kwa kawaida ni mita.

Kwenye Application Builder ya COMSOL (sehemu ya kutengenezea fomu), bofya kisanduku, shuka hadi uhakiki wa data, chagua namba ibandikwe kipimo, andika cm. Papo hapo weka kichujio cha desimali, chini 2, juu 15. Usiache chini iwe 0: ukuta wa sifuri huangusha jiometri. Ujumbe wa kosa uandike kwa Kiswahili, na utaje kwamba desimali ni nukta, maana 7,5 itakataliwa.

Joto la nje nalo libandike degC (nyuzi za Selsiasi). 30 tupu ni kelvini 30, yaani nyuzi 243 chini ya sifuri. Barafu haitayeyuka milele!

Aina ya povu usimwachie mtu aandike. Tengeneza orodha ya kuchagua, thamani ikiwa ni upitishaji joto wa povu: lebo "poliyurethani", thamani 0.025, "polistairini", 0.035 (W/(m·K)). Ondoa tiki ya kuruhusu thamani nyingine.

Ukiweka kitelezi (slider), kisasishe thamani kinapoachiwa, si kikiwa kinavutwa. Hesabu yenyewe ikae kwenye kitufe.