Mahindi yaleyale, majibu mawili

SWALI: Nina magunia 40 ya mahindi stoo, ya kusaga unga wa lishe. Nilichota nusu kilo gunia moja nikapeleka kupima sumukuvu aina ya aflatoksini, jibu likaja mikrogramu 3 kwa kilo. Wiki iliyofuata nikachota gunia jingine: 28. Kikomo ni 10. Niamini lipi?
Msagishaji, Manzese

JIBU: Usiamini hata moja, na maabara usiilaumu bado. Sumukuvu haienei mzigoni kama chumvi kwenye mchuzi. Hukaa kwenye punje chache zilizoshambuliwa na kuvu. Punje moja ya mahindi imewahi kukutwa na kiwango cha mikrogramu 400,000 kwa kilo. Piga hesabu: punje kama hiyo yenye gramu 0.3 ina mikrogramu 120. Ikiangukia kwenye kilo 10 za mahindi safi, peke yake inazifikisha 12, mzigo umefeli. Ikibaki kwenye gunia ambalo hukuligusa, umefaulu.

Kazi kubwa basi iko stoo. Tafuta bambo refu, uchome magunia yote 40 juu, kati na chini, kila moja likupe kama gramu 250. Hizo ni kilo 10. Usipepete wala usichambue. Saga zote, laini. Hapa ndipo wengi huharibu: hupunguza punje kwanza ndipo wasage, na ile punje mbaya inabaki upande mmoja. Mashine isafishwe kabla, mabaki ya jana yasihamie kwako. Tena saga bila kukoboa, maana sumu nyingi huondoka na pumba.

Mwaga unga kwenye turubai safi, changanya, bapaza, gawa mafungu manne, toa mawili yanayotazamana. Ukirudia mara tatu unabaki na kilo moja na robo. Nusu ipeleke maabara, nusu ifunge uweke kwenye friza, pakitokea ubishi.

Maabara hutumia kama gramu 25 tu, hutikiswa kwenye methanoli ya asilimia 70 na kuchujwa. Kipimo cha haraka kikitoa jibu linalokaribia 10, omba lirudiwe kwa kromatografia, njia ya kupima aina za sumu moja moja, ambayo huitenganisha aflatoksini B1, aina kali kuliko zote, yenye kikomo chake cha 5.

Ile wiki ya katikati ingeweza kuongeza sumu iwapo tu mahindi hayakukauka vizuri. Siku ya kuchoma magunia pima na unyevu: usizidi asilimia 13.5.